Fedha za Watu Wengi: Habari za Benki ya Ushirika ya Manchester

Somo hili lilisomwa kwanza katika redio kwa ajili ya madarasa ya watu wazima. Sasa limepigwa chapa ili ulisome polepole pamoja na wenzako. Mwisho wake yako maswali ya kuzungumza darasani.

Leo tutajifunza habari za benki moja ya huko Uingereza. Pengine utasema, "Mimi sina fedha za kuweka benki, habari hizo zitanifaa nini?" Ngoja kidogo. Nataka kukuuliza swali moja, nawe ulishike mpaka mwisho wa somo. Ukimpa mtu shilingi mia akuwekee, naye akazikopesha kwa mtu mwingine, je, unayo haki ya kuuliza amemkopesha nani, na kwa kazi gani?

Watu wengi hudhani ya kuwa benki ni sanduku kubwa la chuma, na ya kuwa fedha zako zimelala humo zikikungoja. Sivyo. Benki hupokea amana za watu wengi, kisha huzikopesha. Mkopaji hulipa riba, na riba hiyo ndiyo chakula cha benki. Kwa hiyo fedha zako hazilali. Zinakwenda kazini kila siku, ijapokuwa wewe mwenyewe umekaa nyumbani. Basi tuone watu wa Uingereza walivyolijibu swali hili kwa muda wa miaka zaidi ya 150.

1. Wafumaji wa Rochdale

Kaskazini ya Uingereza, karibu na mji mkubwa wa Manchester, uko mji uitwao Rochdale. Katika miaka ya 1840 watu wengi wa mji huo walikuwa wafumaji wa vitambaa vya sufu. Mishahara ilikuwa midogo na chakula kilikuwa ghali. Tena baadhi ya wenye maduka hawakuwa waaminifu. Walichanganya unga na chokaa, na chai na majani makavu ya miti mingine, na mizani zao zilipunja. Wala mnunuzi hakuweza kuhamia duka jingine, kwa sababu alikuwa na deni katika lile la kwanza. Deni lilikuwa kama kamba ya mbuzi: ale pale pale alipofungwa.

Katika mwaka 1844 baadhi ya wafumaji na mafundi wengine walishauriana kufungua duka lao wenyewe. Katika habari zao husemwa walikuwa watu 28, na kila mmoja alitakiwa kutoa paundi moja. Paundi moja ilikuwa fedha nyingi kwa mfumaji, kwa hiyo wengi walilipa kidogo kidogo, peni mbili kila juma, na baadaye peni tatu. Siku zile paundi moja ilikuwa na peni 240. Chukua kalamu yako ufanye hesabu. Kwa peni mbili kila juma, paundi moja hutimia baada ya majuma 120, yaani zaidi ya miaka miwili. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba kile kilijaa kwa taabu.

Duka lilifunguliwa usiku wa tarehe 21 Desemba 1844, katika njia iitwayo Toad Lane. Vitu vilivyokuwamo vilikuwa vichache: siagi, sukari, unga wa ngano, unga wa oti na mishumaa. Lakini sheria za duka zilikuwa nzuri. Bidhaa ziwe safi, zisichanganywe na kitu. Mizani iwe kamili. Kila mtu alipe papo hapo, pasiwe na deni. Kila mwanachama awe na kura moja, hata kama mwenzake ana fedha nyingi kuliko yeye. Faida igawanywe kwa kadiri mtu alivyonunua dukani. Na hesabu zisomwe mbele ya wanachama kila miezi mitatu. Sheria hii ya mwisho uikumbuke vizuri, maana tutairudia.

2. Benki iliyoanguka na duka lililosimama

Katika mji huo huo wa Rochdale ilikuwako benki ya akiba kwa ajili ya watu wa kawaida. Wasimamizi wake walikuwa watu wakubwa wa mji, watu wa heshima. Watu walipeleka akiba zao huko bila wasiwasi. Basi katika mwaka 1849 mtu aliyeshika hesabu za benki ile alifariki, na vitabu vilipofunguliwa ilionekana ya kuwa alikuwa amekula fedha za watu kwa miaka mingi. Wasimamizi walikuwa wakimwamini, wala hawakukagua. Benki ikafungwa.

Ndipo watu walipoanza kulitazama duka la wafumaji. Huko hapakuwa na watu wakubwa, lakini hesabu zilisomwa, na kila mwanachama aliweza kuuliza swali. Watu wengi wakapeleka akiba zao dukani. Mwaka 1848 duka lilikuwa na wanachama 140. Mwaka 1849 walifika 390.

Angalia jambo hili, ndugu msomaji. Watu wale hawakwenda dukani kwa sababu wafumaji walikuwa wema kuliko wasimamizi wa benki. Pengine hata wasimamizi walikuwa watu wema. Walikwenda kwa sababu katika duka lile wema ulikuwa na daftari, na daftari lilifunguliwa mbele ya watu.

3. Benki ya maduka

Mfano wa Rochdale ulienea, na maduka ya ushirika yakawa mengi. Katika mwaka 1863 vyama vyenye maduka vilijiunga na kufanya chama kimoja kikubwa cha kununua bidhaa kwa jumla. Baadaye chama hicho kilijulikana kwa herufi tatu, CWS, na makao yake yalikuwa Manchester.

Sasa fikiri. Duka la mji mmoja limeuza vizuri, nalo lina fedha zisizo na kazi kwa muda. Duka la mji wa pili linataka kujenga ghala, wala halina fedha. Ya nini duka la kwanza lipeleke fedha zake kwa tajiri asiyewajua, na duka la pili liende kukopa kwa tajiri yule yule? Kwa sababu hii, mwaka 1872, CWS ilianzisha idara ya amana na mikopo. Mwaka 1876 idara hiyo ilianza kuitwa Benki ya CWS. Wateja wake walikuwa vyama vya maduka, na baadaye vyama vya wafanyakazi, vilabu, na watu mmoja mmoja.

Katika mwaka 1971 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria maalum, na benki ikawa kampuni yenye jina lake yenyewe, Benki ya Ushirika. Mwaka 1975 iliingia katika chama cha benki kubwa zinazobadilishana hundi moja kwa moja. Kabla ya hapo hundi zake zilipitia katika benki nyingine. Sasa ilisimama pamoja na benki kubwa za nchi.

Lakini hapa pana jambo la kuangalia. Mwenye akaunti katika benki hii hakuwa mwenye benki. Hisa zote zilikuwa za CWS. CWS ilikuwa mali ya vyama vya maduka, na vyama vilikuwa mali ya wanachama wao. Ilikuwa kama ngazi ndefu. Mwanachama alisimama chini, na benki ilikuwa juu kabisa. Sauti yake ilipaswa kupanda vidato vingi kabla haijasikika. Katika duka la Toad Lane mwanachama aliweza kulitazama daftari kwa macho yake. Katika benki kubwa alihitaji mtu wa kumtazamia.

4. Fedha zetu zinafanya kazi gani?

Sasa turudi kwenye swali letu la mwanzo. Katika miaka ya 1970 na 1980 watu wengi wa Uingereza walikasirishwa na serikali ya ubaguzi wa rangi ya Afrika Kusini. Waliuliza ni nani anayefanya biashara na serikali ile. Benki ya Barclays ilikuwa na kazi kubwa huko, na wanafunzi wengi wakakataa kufungua akaunti kwake. Katika mwaka 1986 Barclays iliuza sehemu yake ya Afrika Kusini na kutoka. Hivyo watu walijifunza kwamba hata mwenye akaunti ndogo anaweza kuuliza fedha zake zinakwenda wapi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 biashara ya Benki ya Ushirika ilikuwa dhaifu. Wakuu wake walitafuta njia ya kuifanya ijulikane tofauti na nyingine. Wakaamua kuwauliza wateja wenyewe: mnataka benki yenu ikatae kumkopesha nani? Wengi mno walijibu kwamba benki iwe na msimamo ulio wazi. Basi katika mwezi wa Mei 1992 benki ilitangaza kanuni zake. Haitakopesha serikali wala kampuni inayodhulumu watu au kutengeneza vyombo vya kutesea watu. Haitagharimia uuzaji wa silaha kwa serikali dhalimu. Haitakopesha viwanda vya sigara, wala biashara ya ngozi za manyoya, wala michezo ya kuua wanyama kwa kujifurahisha. Mwaka 1998 iliongeza kwamba haitakopesha wachimbaji wa makaa ya mawe na mafuta ya ardhini, kwa ajili ya madhara yanayoletwa katika hali ya hewa ya dunia.

Mtu mmoja atasema, "Hayo ni matangazo ya biashara tu." Kweli, kanuni zile zilileta wateja, na benki haikuficha kufurahi. Lakini kumbuka ya kuwa kila mkopaji anayekataliwa huondoka na riba ambayo benki ingeipata. Kanuni ambayo haimgharimu mtu kitu ni rahisi kuandika. Hii ilikuwa na gharama. Tena wateja waliulizwa mara kwa mara, na kanuni zikarekebishwa kwa kadiri ya majibu yao. Benki ikajulikana katika nchi nyingi kwa sababu hiyo.

5. Shimo la mwaka 2013

Sasa tunafika katika sehemu ngumu. Kwanza tufanye hesabu ndogo, maana bila hesabu hii hutaelewa.

Benki ina shilingi 10 zake yenyewe, na shilingi 90 za watu. Zote pamoja ni 100, nayo imezikopesha zote. Wakopaji wakishindwa kulipa shilingi 5, hasara inaliwa na zile 10 za benki, na watu hawaguswi. Lakini wakishindwa kulipa 15, zile 10 za benki zimekwisha, na 5 zinazobaki ni hasara ya fedha za watu. Kwa hiyo zile shilingi 10, ambazo huitwa rasilimali, ni kama ukuta kati ya hasara na akiba yako. Ukuta ukiwa mwembamba, kuna hatari.

Katika mwezi wa Agosti 2009 Benki ya Ushirika iliungana na Britannia. Britannia ilikuwa chama cha kujengea nyumba, yaani chama ambacho watu huweka akiba, na wanaotaka nyumba hukopa. Lakini Britannia ilikuwa imekopesha pia kwa majumba makubwa ya biashara. Bei za majumba hayo zilianguka baada ya msukosuko wa fedha wa mwaka 2008, na mikopo mingi ikawa mibaya. Baadaye uchunguzi ulionyesha kwamba mikopo hiyo haikukaguliwa ya kutosha kabla ya kuungana.

Hata hivyo benki ilitaka kukua zaidi. Mwaka 2012 ilikubaliana kununua matawi 632 ya benki ya Lloyds. Katika mwezi wa Aprili 2013 ilijitoa katika mpango huo. Miezi miwili baadaye ikatangazwa ya kuwa ukuta ulikuwa na shimo: palitakiwa rasilimali ya paundi bilioni 1.5. Hasara ya mwaka ule peke yake ilikuwa paundi bilioni 1.3.

Sir Christopher Kelly alipewa kazi ya kuchunguza, na taarifa yake ikatoka katika mwezi wa Aprili 2014. Alitaja mikopo ya Britannia. Alitaja mitambo ya kompyuta iliyogharimu fedha nyingi bila kukamilika. Tena alitaja halmashauri ya wasimamizi, ambayo haikuwauliza wakuu wa benki maswali ya kutosha. Mwenyekiti wake hakuwa na ujuzi uliohitajika wa kazi ya benki.

Unaona, ndugu msomaji? Benki hii ilimkataa mtengeneza silaha, nayo ilifanya vema. Ilikataa tumbaku, nayo ilifanya vema. Lakini ilipomkopesha mjenzi wa majumba, au ilipomchukua aliyekwisha kumkopesha, haikuuliza vizuri kama ataweza kulipa. Na kuuliza swali hilo ni wajibu ule ule wa haki. Fedha si za msimamizi, ni za watu. Mtu anayezichezea kwa uzembe huwadhulumu, hata kama moyo wake ni mwema.

Wenye akaunti hawakupoteza amana zao. Lakini matawi mengi yalifungwa, na wafanyakazi wengi walipoteza kazi. Wazee wa pensheni walionunua hati za mkopo za benki walipata hofu kubwa, wakalazimika kupigania haki zao.

6. Nani mwenye benki?

CWS, ambayo siku hizo iliitwa Kundi la Ushirika, haikuwa na fedha za kuliziba shimo lote. Kwa hiyo, mwishoni mwa mwaka 2013, sehemu kubwa ya benki ilikwenda kwa watu waliokuwa wakiidai, miongoni mwao makampuni ya fedha ya kutafuta faida. Kundi la Ushirika likabaki na sehemu 30 tu katika kila mia. Mwaka 2017 palikuwa na shida nyingine ya rasilimali, na mwaka huo huo Kundi likauza hata kipande kidogo kilichobaki. Hivyo ikawako benki iliyoitwa ya ushirika, lakini wanachama wa ushirika hawakuwa na hata hisa moja ndani yake.

Wateja walifanya nini? Wengine waliondoka. Maelfu wengine walijiunga pamoja wakasema watabaki, mradi kanuni za mwaka 1992 zisifutwe. Mwaka 2013 kanuni hizo ziliandikwa katika katiba ya kampuni, na mwaka 2016 wateja wakaunda chama chao rasmi cha kuilinda. Kwa hiyo wenyewe walibadilika, lakini kanuni zilibaki, kwa sababu watu walizisimamia.

Mwisho, tarehe 1 Januari 2025, benki ilinunuliwa kwa paundi milioni 780 na chama cha kujengea nyumba cha Coventry, kilichoanza mwaka 1884. Chama hiki ni mali ya wanachama wake. Basi benki imerudi katika mikono ya wanachama. Lakini hata hapa pana jambo la kufikiri: wanachama wa Coventry hawakupigishwa kura juu ya ununuzi huo. Sheria haikuwalazimisha wakuu kuwauliza, na baadhi ya wanachama walinung'unika. Wafumaji wa Rochdale wangesema nini?

7. Nasi je?

Habari hizi si za mbali kama unavyodhani. Mawazo ya Rochdale yalifika Afrika ya Mashariki zamani. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walikuwa na chama chao kikuu cha ushirika tangu mwaka 1933. Kenya, Benki ya Ushirika iliandikishwa mwaka 1965, ikaanza kazi mwaka 1968. Pengine wewe mwenyewe ni mwanachama wa ushirika wa mazao, au wa chama cha akiba na mikopo, au wa kikundi cha kuweka na kukopa hapo kijijini.

Sasa nijibu swali la mwanzo. Ndiyo, unayo haki ya kuuliza. Tena ni wajibu wako. Uliza maswali mawili, wala usiliache hata moja. Swali la kwanza: fedha zetu zimekwenda kufanya kazi gani, njema au mbaya? Swali la pili: zitarudi? Watu wa Manchester walikuwa hodari katika swali la kwanza. Walipolegea katika swali la pili, nusura wapoteze yote mawili.

Siku ya mkutano mkuu itakapofika, usiende kwa ajili ya kusikiliza hotuba tu. Omba hesabu zisomwe. Usipoelewa, inua mkono useme, "Sijaelewa, rudia." Usione haya. Wewe sasa unajua kusoma na kuhesabu, na hii ndiyo kazi mojawapo ya kusoma. Wazee wetu walisema, mali bila daftari huisha bila habari.

Kwaheri, mpaka somo lijalo.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini mnunuzi wa Rochdale hakuweza kuliacha duka lililompunja?

2. Benki ya akiba ya Rochdale ilikuwa na wasimamizi wenye heshima. Kwa nini ilianguka?

3. Benki ina shilingi 20 zake na shilingi 180 za watu, nayo imezikopesha zote. Wakopaji wameshindwa kulipa shilingi 26. Hasara ya fedha za watu ni shilingi ngapi?

4. Kama chama chenu kingekuwa na benki, mngeiambia ikatae kumkopesha nani? Je, mngekubali kupata faida ndogo kwa sababu hiyo?

5. Katika chama chenu, nani hukagua hesabu, na mara ngapi kwa mwaka? Kama hakuna ajuaye, mtu mmoja aende akaulize, alete jibu katika somo lijalo.